Siku ya Kufukuza Kifo

Kiongozi bora kuliko wote niliowahi kuwaona alimvunja mwanawe mkono kwa gogo la moto, mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima. Sikuyasema hayo kwenye semina. Semina ilikuwa Homa Bay, katika ukumbi wenye feni mbovu, sisi wenyeviti wa vikundi vya akina mama tumeketi kwenye viti vya plastiki, na kijana mmoja mtanashati anatuuliza ni sifa zipi za mtu mwenyewe zinazomfanya awe kiongozi wa kupigiwa mfano. Wenzangu wakajibu: mvumilivu, mnyenyekevu, msikivu, mwenye maono. Kila jibu likaandikwa ubaoni. Kijana akanigeukia, "Na wewe mama, mbona umenyamaza?" Nikamwambia koo linaniwasha. Ningesema nini? Niliyekuwa nikimfikiria hakuwa mvumilivu, na unyenyekevu hata harufu yake hakuijua. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, na hasira yangu haiishi mpaka niitoe, kwa hiyo naitoa hapa.

Ni mama mkwe wangu. Mimi nimezaliwa Homa Bay, kwenye biashara ya samaki, nikaolewa huku Migori karibu na mpaka, mahali ambapo mto mdogo tu ndio unatutenganisha sisi Wajaluo na majirani zetu Wakuria. Siku ya kwanza nilipoletwa aliniangalia toka utosini hadi kidoleni, akamwuliza mwanawe kama huko ziwani hakuona wengine. Nikamjibu mimi kwamba hata mimi niliona wengine. Watu walishika vinywa. Tangu siku hiyo hatukuacha kurushiana maneno, na nadhani alinipenda kwa sababu hiyo, ingawa kuniambia hakuniambia. Aliniita nyar Homa, binti wa Homa, na mpaka leo sijui kama jina langu alilijua.

Mkono wake ulikuwa mwepesi. Kuna mlevi aliyezoea kumpiga mkewe karibu na boma letu. Siku moja mama mkwe alimfuata na mchi wa kutwangia, na mlevi yule hakukalia makalio yake vizuri kwa muda mrefu. Kesho yake mama mkwe huyohuyo akampelekea uji. Usidhani ni huruma. Alitaka kuhakikisha ameelewa.

Baba mkwe alikufa mzee, kwa ugonjwa, kifo cha kawaida. Lakini kwetu mzee akifa, kifo hakiachwi kikae bomani kijipatie makazi. Baada ya mazishi wanaume hukusanya ng'ombe, hujipaka majivu, hujivika majani, hushika mikuki na marungu, kisha huwakimbiza ng'ombe hadi mpakani wakipiga kelele za vita. Tunaita tero buru. Wanakisukuma kifo kiende zake, halafu wanarudi wakiimba. Mtu asiyejua akiwatazama ataapa kwamba ni mashambulizi, na ndivyo inavyotakiwa ionekane.

Sasa, mpakani kwetu ni mtoni. Na ng'ambo ya mto kuna watu ambao wakisikia ng'ombe wanakimbizwa na wanaume wenye mikuki hawangoji kuuliza maswali. Wizi wa mifugo umezika watu pande zote mbili. Nani alianza? Anayekwambia anajua ni mwongo. Kwa hiyo ilikuwapo desturi nyingine ndogo ndani ya hiyo kubwa: siku moja kabla, mtu wetu alivuka akawaambia, kesho tunafukuza kifo, mkisikia makelele kaeni majumbani kwenu. Miaka yote mtu huyo alikuwa baba mkwe. Hakuna aliyemchagua. Alijua lugha yao, alikuwa na rafiki huko, mzee waliyekuwa wakiazimana mafahali, basi alikwenda tu. Na sasa ndiye tuliyekuwa tumemzika. Watu mia wanakula na kulia pale bomani, na hakuna hata mmoja aliyewaza ni nani atakwenda ng'ambo safari hii.

Aliyewaza ni mjane. Yeye mwenyewe hangeweza kwenda. Alikuwa amevaa koti la marehemu, limegeuzwa nje ndani, na mjane wa jana hatoki langoni wala haingii boma la mtu mpaka mambo yake yakamilishwe, maana inasemekana hubeba kifo akawapelekea wengine. Akamwita shemeji yangu, mwanawe mdogo. Nilikuwa hapo nikisugua masufuria, nikamsikia: "Vuka mto leo. Mtafute yule mzee rafiki ya baba yako, umwambie kesho kuna buru." Shemeji akasema, "Sawa, Mama." Shemeji alikuwa anatafuta kiti cha uwakilishi wa wadi. Kwenye matanga alikuwa hakosi kushika kipaza sauti, na akishika watu walipiga makofi, kwa kweli alijua kusema. Baadaye ndipo tuliposikia kwamba aliwaambia rafiki zake hawezi kwenda kuomba ruhusa ya kumlilia baba yake. Hakuvuka.

Asubuhi mkuki wa marehemu ulipaswa kubebwa na mume wangu, kifungua mimba. Alipoingia kuuchukua hakuukuta, mdogo wake alishauchukua. Mume wangu hakupenda ugomvi, na jambo hilo lilikuwa linanikera kila siku ya ndoa yetu. "Nenda umnyang'anye," nikamwambia. "Acha bwana, ni chuma tu," akasema, akachukua fimbo ya kuchungia. Wakatoka. Vumbi, pembe, kelele, wanawake tunawapigia vigelegele kutoka langoni.

Boma letu liko juu ya mteremko. Ukisimama langoni unauona mto wote. Kwa hiyo hakuna aliyenisimulia, niliona mwenyewe. Fahali mmoja alishtuka akaingia majini, akatokea upande wa pili, na wengine wakamfuata. Wanaume wetu wakavuka kuwarudisha, wamejipaka majivu, wanapiga kelele, mikuki juu. Ng'ambo ikapigwa kelele ya hatari. Kisha ikaja mishale. Jirani yetu, baba wa watoto wadogo, alishika shingo akaketi chini ndani ya maji, taratibu, na maji yakageuka rangi. Mwingine alikatwa panga la shavu hadi meno ya nyuma yakaonekana. Kijana wa ng'ambo alikuwa ametangulia wenzake, yuko peke yake, na nikamwona shemeji akiurusha ule mkuki. Kijana akaanguka chali, mkuki umesimama kifuani.

Wetu wakageuka kukimbia. Mume wangu hakugeuka. Yeye alikuwa bado anawarudisha ng'ombe na fimbo yake, mpumbavu yule, Mungu amrehemu. Mshale ulimwingia tumboni. Wakamfikia wakampiga marungu hata alipokuwa chini, halafu wakamburuta kwa miguu kuelekea kwao, shati likampanda likamfunika uso. Kichwa chake kilikuwa kikigonga mawe. Nilipiga yowe mpaka nikaonja damu kooni.

Bomani hapakukalika. Maiti ya jirani ililetwa juu ya mlango uliong'olewa. Walioumia walikuwa wanamwagiwa maji ya chumvi, wananguruma. Shemeji akapanda juu ya kiti, majivu na jasho vikimchuruzika, akaanza kuhutubia. Alisema wametuua siku ya msiba. Alisema leo tutawachoma pamoja na kuku wao. Vijana wa bodaboda wakafyonza petroli kwenye pikipiki zao wakajaza vibuyu vya plastiki. Hakuna aliyekuwa mtazamaji, nami nilishika panga. Nilitaka kuuona moshi. Nilitaka kusikia wanawake wa ng'ambo wakipiga yowe kama langu.

Mama mkwe akatoka nyumbani na lile koti. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kile kiti.

"Ulivuka jana?"

"Mama, rudi ndani. Hii ni kazi ya wanaume."

"Nimekuuliza kama ulivuka."

Shemeji akawageukia vijana. Aliinua panga kuelekea mtoni, awaondoe watu. Mama mkwe akageuka kwenye magenga, ule moto mkubwa wa magogo unaowaka uwanjani mzee akifa, moto ambao hauchezewi mpaka matanga yaishe. Akachomoa gogo lililokuwa jekundu upande mmoja, akampiga nalo mwanawe kwenye mkono ulioshika panga. Mfupa ulilia, sote tuliusikia. Panga likaanguka, naye akaanguka juu yake akigaagaa, ngozi ya mkono imebabuka, na harufu ya nyama ikatupata puani. Kisha mama mkwe akaenda kusimama langoni na gogo lake linafuka moshi.

"Mwanangu mkubwa bado yuko hai kule," akasema. "Wakiona mmevuka na moto, watamchinja kwanza halafu ndio wapigane na nyinyi. Anayetaka kumuua mwanangu apite hapa."

Hakuna aliyepita. Si kwamba waliona aibu. Walimwogopa, nawaambia ukweli, na mimi nilimwogopa. Mzee mmoja wa ukoo akamkumbusha kwamba mjane hatoki, atajiletea chira, balaa la kuvunja mwiko. "Basi chira itanikuta njiani," akasema, akalilaza gogo katikati ya lango. "Nyar Homa, tupa hilo panga. Twende tukamlete mume wako."

Tulivuka wanawake wawili. Maji yalitufika magotini na bado yalikuwa na wekundu kando ya mawe. Mimi nilikuwa nageuka nyuma kila hatua. Yeye alitembea kama anayekwenda kusaga unga. Nilimwuliza tutasema nini. Akasema, "Kile kilichotokea." Nikadhani hajaelewa hatari iliyopo, nikamkasirikia tena.

Watu walitupokea kwa pinde zilizovutwa. Uwanjani kwenye boma la kwanza alikuwa amelazwa yule kijana, kanga imemfunika mpaka kidevuni, mama yake amepiga magoti kichwani pake. Kando, kwenye nguzo ya ghala, wamemfunga mume wangu. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Kijiti cha mshale kilikuwa kimevunjika, kimebaki kipande kinachoinuka na kushuka kila alipopumua. Nilitaka kumkimbilia, mtu akanipiga kifuani kwa mti wa upinde nikakaa chini.

Mzee mmoja akaja mbele. Alikuwa ndiye rafiki wa baba mkwe, na macho yake hayakuwa na urafiki wowote siku hiyo. Walizungumza Kiswahili, kwa kuwa hakuna aliyejua vizuri lugha ya mwenzake, na Kiswahili cha mama mkwe kilikuwa cha sokoni tu.

"Mama, mmekuja kuiba ng'ombe yetu ukiwa na matanga?" mzee akauliza.

"Hakuna mtu alikuja kuiba. Mume yangu tulizika jana. Leo vijana walifukuza kifo. Ng'ombe ilishtuka ikavuka."

Mzee akalitazama lile koti. Nadhani alikuwa hajajua kwamba rafiki yake amekufa. "Yeye alikuwa anatuambia," akasema.

"Yeye ndio amekufa. Mimi nilituma mtu, huyo mtu hakufika, na mimi sikuuliza kama amefika. Makosa ni yangu."

Watu walinguruma. Mmoja akasema huyu aliyefungwa ndiye muuaji, akaleta mkuki, bado umelowa, akautupa miguuni mwa mama mkwe. Mzee akauliza ni wa nani. Na hapa, wewe unayesoma, angalia. Angeweza kusema haujui. Angeweza kusema ni wa yule jirani aliyekufa mtoni, maiti haibishi. Mimi nilishalipata jina la jirani mdomoni, lilikuwa karibu kunitoka.

"Ni ya mume yangu," mama mkwe akasema. "Lakini huyu hakubeba. Huyu alibeba fimbo. Alibeba ni kijana yangu mdogo. Yeye ndio ameua mtoto yenu."

Mama wa marehemu akainua kichwa. Aliuliza kwa sauti ndogo iliyokauka, "Wewe umemzaa huyo?"

"Nimemzaa."

"Na unamtaja?"

"Namtaja. Nipe huyu atibiwe. Ule mwingine nitampeleka polisi mimi mwenyewe leo, jua haijaingia. Sitawapa nyinyi mkononi, mtamkata, kisha vijana yetu watakuja, na yenu watakuja, mpaka tubaki sisi wamama peke yetu."

Kulikuwa na kelele nyingi baada ya hapo, vijana wao wakimpigia mzee makelele, mmoja akatemea mate miguuni petu. Aliyemaliza maneno ni yule mama aliyepiga magoti. Alisema kitu kwa lugha yao, maneno machache, na mzee akafungua kamba kwa mkono wake. Walitupa mkokoteni wa punda bila punda. Tukauvuta wenyewe.

Mume wangu alikufa njiani, kabla hatujafika mtoni. Alisema ana kiu. Niliposimama nimtafutie maji jicho lake zima lilikuwa linatazama mahindi bila kupepesa. Nikavuta pumzi kupiga nduru. Kwetu mume akifa mke hupiga nduru papo hapo, kilio cha kwanza cha kuwaambia watu. Mwanamke asiyepiga husemwa kwamba yeye ndiye aliyemuua. Pumzi ilikuwa imeshafika kooni mama mkwe aliponirukia, akaniziba mdomo kwa kiganja, akanisukuma kwenye gurudumu. Nilimng'ata. Hakutoa mkono.

"Ukilia sasa," akaniambia sikioni, "vijana wetu wanavuka na petroli. Meza. Nyar Homa, meza."

Damu yake ilikuwa mdomoni mwangu. Naye alikuwa analia machozi bila sauti yoyote, mwili wote unamtikisika mgongoni kwangu. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote aliye hai. Nikameza.

Akavua koti la marehemu mumewe akamfunika mwanawe hadi kidevuni, akamfumba jicho. Tulipofika upande wetu wanaume walikimbilia mkokoteni. "Amepewa dawa amelala, msimguse," akawaambia. "Nimeita gari la kumpeleka hospitali." Tukamwingiza nyumbani kwangu, akamwita shemeji, akafunga mlango.

Shemeji aliingia ameushikilia mkono wake uliofungwa kwa leso. Mama yake akafunua koti. "Ndugu yako amekufa," akasema. "Yule kijana uliyemchoma pia amekufa. Nimesema nitakupeleka, na ninakupeleka."

"Mama. Ulimbadilisha na mimi, na yeye ameshakufa. Bado unanipeleka?"

"Nilisema."

Nje kulikuwa na watu waliokuwa wakingoja neno moja tu kutoka kwake. Angepiga kelele, angeokoka siku hiyo, na mto ungejaa. Nilimwona akifungua mdomo. Kisha alimwangalia kaka yake, akauziba mdomo wake mwenyewe kwa ule mkono mzima, akalia hivyo, akatoka na mama yake kwa mlango wa nyuma. Sijamsamehe mtu yule. Lakini hilo alilifanya, na haki yake nampa.

Walipanda pikipiki. Mimi nikabaki na maiti. Watu walichungulia dirishani kuuliza anaendeleaje, nikajibu amelala. Niliwafukuza nzi midomoni pake. Niliona mkono wake ukianza kukakamaa nikauminya ndani ya wangu, nikamwambia yote niliyokuwa sijamwambia, kwa sauti ya chini, hasa matusi, kwa sababu ya ile fimbo. Mtu mmoja akauliza mbona gari halifiki. Nikasema barabara ni mbaya.

Jua lilikuwa limeegemea vilima niliposikia pikipiki. Aliingia peke yake, bila koti, vumbi usoni, alama za meno yangu zimevimba kiganjani mwake.

"Wamemfungia ndani," akasema. "Askari wamesimama mtoni, malori mawili. Hakuna atakayevuka." Akaketi sakafuni kando ya mwanawe, akanitazama. "Sasa lia, mwanangu."

Nikafungua mdomo. Sauti ikagoma. Nilijaribu tena, nikatoa pumzi tupu. Akaningoja kidogo, halafu akaweka kichwa chake juu ya kifua cha mume wangu, akapiga nduru yeye, ndefu, na nje watu wakaanza kukimbia kuja kwetu.